Kushikiwa Ncha

Mwaka ule tulipohamia kijiji kipya, watu hawakuniuliza habari za asubuhi. Waliniuliza habari za ukuta. "Ukuta umeamkaje?" mtu angesema, tena kwa adabu kabisa, mkono kifuani. Nami, mtu mzima mwenye ndevu zangu, nilijibu, "Ukuta haujambo," nikacheka nao, kisha nikapita haraka nikitazama vidole vyangu vya miguu. Ukuta wenyewe ulinifika magotini. Ulikuwa magotini tangu kiangazi kilipoanza, na sasa nyasi za mlimani zilikuwa zimekauka zote na wenzangu walikuwa wanaezeka.

Kabla ya hapo tulikaa milimani, kila familia na kilima chake, na michikichi yake na migomba yake. Likaja agizo kwamba sote tushuke tukae pamoja, kijiji cha ujamaa, karibu na barabara na shule. Kijiji chetu kilipimwa upande wa ziwa, mahali ambapo ukitoka alfajiri kwa miguu unafika Mwandiga jua halijawa kali. Kila kaya ilipewa kiwanja, ikaambiwa ijenge kabla ya mvua. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Dada zangu walikuwa wameolewa, mmoja Ujiji, mwingine Bangwe. Tukabaki mimi na mama, na kifua chake kilichobana kila hewa ilipopoa.

Mama alikubali kuacha mengi kule mlimani, lakini mlango hakukubali kuuacha. Baba alikuwa seremala, na mlango ule aliuchonga mwenyewe kwa mninga, mzito hata ukabebwa na wanaume wawili waliokuwa wakilalamika njia nzima. Kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kuutia, mama aliulaza chini ndani ya kibanda cha nyasi tulichojisitiri, akatandika mkeka juu yake, akaufanya kitanda. Kila asubuhi nilimwona akitoka anajishika kiuno, na mkononi ana alama za mbao. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Baba ndiye aliyenimaliza. Sisemi vibaya juu ya marehemu. Nasema ukweli wa wakati ule. Baba alikuwa mtu wa kumaliza. Ukiagiza kitanda kwake mwezi unapoandama, unakilalia haujapevuka. Nilimkumbuka akiwa uani kwetu tangu asubuhi hadi jioni, randa mkononi, haondoki, hageuki, na mama amekaa pembeni na ungo wake akichambua maharage. Watu wa pale kijijini walimjua wote, wengi walizaliwa juu ya vitanda vyake. Husemwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwangu walisema nyoka alizaa mjusi.

Na sikuwa mvivu. Hili nalisema kwa hasira mpaka leo, ingawa walionitukana wengi wamekwisha kufa. Mvivu analala. Mimi nililala lini? Niliamka kabla ya majogoo, nikalowesha udongo wa matofali, nikaukanyaga kwa miguu hadi ukawa laini. Nikaona maji hayatoshi. Nikashika ndoo kwenda ziwani. Ufukweni wanaume wanavuta mtumbwi, wanapiga kelele, "Mtu mmoja tu, mtu mmoja!" Huyo mtu mmoja nikawa mimi. Mtumbwi ukipanda, naona kasia limepasuka, namwambia mwenyewe nipe nikutengenezee. Nakwenda kutafuta kisu, njiani nasikia boriti inapandishwa kwa fulani, nashika upande. Jioni ikifika nimechoka hoi, nimefanya kazi za kijiji kizima, ndoo yangu sijui iko wapi, na udongo wangu umekauka shimoni na jembe limesimama katikati.

Siku hizi binti yangu, ambaye ni muuguzi, ananiambia hali hii ina jina hospitalini. Anasema ni upungufu wa umakini, kwamba mtu huzaliwa nayo, kwamba watoto wengi wanaochapwa shuleni kwa utundu hawana kosa. Namsikiliza nikitikisa kichwa. Wakati ule jina lake lilikuwa moja tu, na nililisikia kila nilipopita.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mwema, mpenda haki, na alinitesa kwa wema huo. Katika mkutano wa kijiji alinisimamisha mbele ya watu. "Ndugu," akasema, "tueleze. Kwa watu unaezeka, kwa watu unakandika. Kwako je?" Mtu wa nyuma akadakia, "Kinyozi hajinyoi!" wakacheka. Nikaahidi. Niliahidi kwa sauti kubwa kwamba wiki ijayo ukuta utafika madirishani, na wakati ule nilipokuwa nasema niliamini kabisa, niliuona ukuta kwa macho yangu. Balozi akasema ahadi ni deni. Wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake na kitenge amejitanda hadi puani.

Mjue basi aibu inafanya nini kwa mtu kama mimi. Wengine ukiwaaibisha wanakazana. Mimi nilianza kuuogopa ukuta. Nikawa nazunguka kwa njia ya nyuma, kupitia mashamba, ili nisiuone, na wiki ile haikuongezeka hata tofali moja. Mkutano uliofuata sikwenda. Nilisema naumwa jino.

Hapo ndipo mama alipokuja. Asubuhi moja nimejilazimisha, niko na udongo, nikamwona anatoka kibandani na ungo wa maharage chini ya kwapa, anaburuta mkeka. Akautandika karibu na shimo langu, akakaa, akanyoosha miguu, akaanza kuchambua. Hakunitazama. Lakini mimi nilikuwa nimejaa. Niliona hata mama yangu sasa amekuja kunisimamia kama karani wa mashamba ya wakoloni.

"Mama," nikamwambia, "usinikalie hapa. Nenda kapumzike. Mimi si mtoto wa kuangaliwa."

Akasimamisha mkono juu ya ungo. "Sikuangalii, mwana wanje. Nachambua maharage."

"Kachambulie kibandani."

Akainuka polepole, kifua kinapiga filimbi, akakunja mkeka wake. Maharage mengine yalimwagika, nikayaona, sikuinama kumwokotea. Nusu saa baadaye nilikuwa ufukweni nasaidia watu kutandaza dagaa.

Jirani yangu wa upande wa ziwa alikuwa mshona nyavu, amehamia kutoka Kagunga. Tulilingana umri. Alikuwa mwongo wa samaki: kila sangala aliyemponyoka alizidi kunenepa kila aliposimuliwa. Tena alikuwa mtu wa kuazima. Kalibu yangu ya matofali ilikaa kwake hadi nikasahau ni ya nani kati yetu. Sikumtegemea kwa jambo lolote la maana. Siku moja akaniita nimshikie ncha.

Kamba ya katani haisokotwi na mtu mmoja. Mmoja husimama mbali ameishika ncha, kaikaza, hafanyi lolote zaidi ya hapo. Mwingine ndiye anayesokota. Ni kazi ya kijinga hiyo ya kushika. Mtu akipita hukuona kama umesimama tu unatazama watu. Nikaishika. Akasokota, huku ananisimulia sangala wake. Mara mwewe wakashuka kwenye dagaa, wanawake wakapiga ukunga, nami nikageuka kuona na mkono ukafunguka. Kamba yote ikajisokotoa, ikarukaruka mchangani, ikajikunja vifundovifundo.

Nilijikunyata kungoja tusi. Yeye akacheka hadi akakaa chini.

"Ego! Weye, mwanaume!" akasema. "Nasokota tangu asubuhi, weye hukufanya kitu ila kushika. Umeachia kidogo tu, na kazi yangu yote imerudi nyumbani kwao."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Shika tena." Halafu akaelekeza kidevu kule kwenye ukuta wangu. "Nayo ile kamba yako ya pale, nani anakushikia?"

Nikadhani ananicheka kama wengine. Nilishika ile ncha hadi mwisho kwa hasira, nimeuma meno.

Kesho yake asubuhi alikuja na rundo la nyavu begani, akaniamkia, "Mwakeye," akalitupa chini karibu na ukuta. "Kwangu watoto wanazichezea. Nikae hapa kivulini mwa ukuta wako."

"Ukuta wa magotini una kivuli gani?"

"Cha miguu kinanitosha."

Akakaa kweli, na miguu yake ikawa kivulini. Akachomoa sindano yake ya nyavu, akaanza kushona. Nilipochukua jembe akauliza, bila kuinua kichwa, "Leo tunaishia wapi?"

Nikamwonyesha kifuani kwangu.

"Hapo utafika weye na malaika. Shuka."

Nikashusha mkono. Akatikisa kichwa. Nikashusha tena. Tulibishana kama watu sokoni, yeye anapunguza, mimi naongeza, hadi tukafika safu mbili za matofali, upande mmoja tu, wa kulia. Akachukua kijiti akakichomeka kwenye kona ya ukuta, safu ya pili ilipopaswa kufika. Niliona haya. Safu mbili, kazi ya mtoto! Lakini jioni nilizimaliza, na hilo lilikuwa jambo geni kwangu, hata nilizunguka kuitazama ile kona mara kadhaa kama mtu aliyeokota kitu cha mwingine. Yeye alisema tu, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akakunja nyavu zake akaenda kula.

Basi ikawa hivyo. Hakuwahi kushika tofali, na hakuna siku aliyonipa udongo au kunielekeza chochote. Kujenga hakujua, kibanda chake mwenyewe kilikuwa kimeinama kama mlevi. Alishona tu na kudanganya. Nikisimama, hakuuliza nakwenda wapi kama mlinzi. Aliuliza, "Unafuata nini?"

"Maji."

"Haya, maji."

Neno hilo nilikwenda nalo kichwani hadi ziwani. Wakiniita kwenye mtumbwi, "Mtu mmoja tu!" nilikuta mdomo wangu unasema, "Nafuata maji, kuna mtu ananingoja." Sijui kwa nini maneno hayo yalinishika miguu kuliko hotuba zote za balozi. Nyumba ilikuwa yangu, mama alikuwa wangu, na bado mambo hayo mawili makubwa hayakuweza kunirudisha kutoka ziwani. Mshona nyavu mmoja akiwa amekaa chini aliweza. Hilo lenyewe lilinitia aibu nyingine, mpya. Kumbe nampenda mama yangu kiasi gani, kama mapenzi hayo hayatoshi kunifanya nirudi na ndoo?

Na hata hivyo niliponyoka. Siku moja nilikwenda Mwandiga kufuata misumari ya dirisha, nikakuta watu wanacheza bao, nikakaa kutazama kete moja, na jua likaniacha pale. Nilirudi jioni kwa njia ya nyuma, nimeinama kati ya mihogo. Nilitumaini ameshaondoka. Alikuwepo. Amekunja nyavu, amekalia rundo, anangoja, na kijiti cha asubuhi kimesimama peke yake hewani juu ya ukuta.

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, juu ya homa. Aliniwahi.

"Uliachia wapi?"

Nikaonyesha.

"Basi kesho tunaanzia hapo," akasema, akajitwika nyavu zake.

Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia. Kupigwa nilikuzoea, kuchekwa nilikuzoea, lakini hilo sikujua niliweke wapi.

Ukuta ulipanda. Ukapita kiuno, ukafika madirishani, dirisha la kwanza likakaa sawa. Mama alianza kutoka kibandani jioni kuugusa kwa kiganja. Watu nao waliona, na watu hawawezi kuona bila kusema. Waliona pia mshona nyavu amekaa pale kila siku. Asubuhi moja ufukweni, watu wamejaa wanangoja mitumbwi, bwana mmoja aliyekuwa anajenga juu kidogo ya kwangu akasema kwa sauti, "Mbuzi hufungwa kamba, ng'ombe huchungwa na mtoto, na jirani yetu huyu anachungwa na mshona nyavu!"

Walicheka wote. Wanawake wa dagaa walicheka wakishika mbavu. Akina mama walionizidi umri, niliowaamkia shikamoo dakika ile ile, walicheka. Na mimi nilicheka, maana ningefanya nini? Nilipanda na maji yangu masikio yanawaka.

Nilimkuta amekwisha kukaa. "Mwakeye," akasema. "Leo tunaishia wapi?"

"Usije tena," nikamwambia. "Mimi si mtoto wa kuchungwa."

Maneno yale yale niliyomwambia mama, karibu. Sikulitambua hilo wakati ule. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kukusanya nyavu zake pole pole, kama anayenipa nafasi. "Sawa," akasema. Alipofika mpakani mwa kiwanja akageuka. "Lakini leo unaishia wapi?"

Nikampa mgongo. Akangoja. Kisha nikasikia miguu yake inashuka.

Hasira ni kuni nzuri, zinawaka sana na hazikai. Zilinifikisha juu ya ukuta. Nilijenga kama mwenye mashetani hadi safu ya mwisho, nikasimama nikatazama chini nikasema mnaona? Zikabaki boriti na nyasi. Boriti nilizikata, nikazileta nusu. Nyasi nilizifyeka, nikazifunga matita, nikayaacha kiwanjani, mchwa wakaanza kuyala kwa chini. Kila siku nilisema leo. Kila siku nilikuta jioni imefika na nina tope la mtu mwingine miguuni. Nikarudi kwenye njia ya nyuma.

Siku mvua ilipokuja nilikuwa juu ya paa. Si paa langu. Bwana yule yule wa mbuzi na ng'ombe aliniomba nimsaidie kuezeka, na nilipanda mbio, kwa furaha, naona haya kuandika hivi. Nilifunga fito zake kwa ustadi. Aliniambia, "Kumbe unajua!" na sifa hiyo ikaniingia tumboni kama uji wa moto. Kutoka pale juu nililiona ziwa lote. Niliona milima ya Kongo ng'ambo inafifia, inafutika, halafu ziwa lenyewe likaanza kufutika, na upepo ukaja na harufu ya udongo uliolowa. Nikageuza macho chini nikaona nyumba yangu. Ilikuwa wazi juu kama sanduku lisilo na kifuniko. Matofali mabichi.

Sikumbuki nilishukaje. Nakumbuka mvua ilinifikia njiani, kubwa, ya mara moja.

Kibanda chetu kilikuwa kitupu. Mama nilimkuta ndani ya kuta. Alikuwa amepanda juu ya kinu chake, akatandaza juu ya ukuta kila kilichokuwa chetu: mkeka wake, blanketi, vitenge vyake vyote hadi kile cha msibani, na kuvigandamiza kwa mawe ili safu za juu zisiyeyuke. Mahali alipoishiwa nguo matofali yalikuwa yanashuka kwa machozi mekundu. Ule mlango alikuwa ameuburuta hadi pale, sijui kwa nguvu gani, ameuegemeza kwenye kona, na yeye amekaa chini yake, amelowa hadi mfupani, anapumua kwa filimbi.

"Ingia," akasema. "Unalowa."

Nikaingia chini ya mlango wa baba yangu. Tulibanana pale, magoti kwa magoti. Nilitaka kumwomba radhi ikatoka sauti ya mtoto. Nikamwambia, "Mama, baba angekuwa hai angenikana. Angeona aibu kuniita mwanawe."

Akanitazama. Halafu mama yangu, amelowa, anatetemeka, akaanza kucheka. Alicheka hadi kikohozi kikamkamata, nikampiga mgongoni.

"Baba yako?" akasema alipopata pumzi. "Baba yako yupi? Baba yako kabla sijaolewa hakumaliza hata mpini wa jembe! Kwao kulijaa miguu ya vitanda. Miguu, mwana wanje, bila vitanda. Siku naletwa, mkwe wangu alinishika mkono akanipeleka uani akanionyesha. Akaniambia, huyu ukimwacha peke yake mtakula mbao. Kaa naye."

"Lakini mimi nilimwona. Kila siku nilimwona anamaliza."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nikafikiri. "Ulikuwa unachambua maharage."

"Siku nzima?" akasema mama. "Maharage gani ya siku nzima? Sisi tulikuwa na mashamba mangapi ya maharage?"

Mvua ilikuwa inapiga mlango juu ya vichwa vyetu. Nilijiona mdogo hadi sikuwa na mahali pa kuweka uso. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia, mimi niliyekua nikijiona kasoro katika ukoo mzima.

"Aliniapisha," akasema. "Alikuwa na haya, kama zako. Hakutaka watu wajue, na wewe ndiye hasa hakutaka ujue. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nikanyamaza." Akafuta uso kwa mkono uliolowa. "Siku ile nilikuja na ungo wangu. Nilisema moyoni, sitamwambia, nitakaa tu. Ukanifukuza."

Hakulisema kwa kulaumu. Alilisema kama mtu anayetaja mahali alipoacha jembe. Nimelibeba tangu siku hiyo.

Asubuhi jua lilitoka kama hakuna lililotokea. Ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa umepoteza safu za juu, basi. Vitenge vya mama viliokoa kuta nyingine. Nilishuka ufukweni mapema, wakati watu wamejaa. Nilitamani nimkute peke yake nyumbani kwake, nimnong'oneze. Nilijua nikinong'oneza, kesho watu wakicheka nitamfukuza tena. Alikuwa katikati ya wanaume, anasimulia sangala, mikono imepanuka kupita mtumbwi. Balozi alikuwepo. Bwana wa mbuzi na ng'ombe alikuwepo, na nyumba yake imeezekwa na mikono yangu.

Nikasimama mbele yake.

"Jirani," nikasema, na sauti ikapasuka, nikairudia kwa nguvu. "Siwezi peke yangu. Nimejaribu, siwezi. Njoo unishikie ncha."

Wapo waliocheka, nisidanganye. Bwana yule alicheka. Lakini mshona nyavu alishusha mikono yake, sangala akapotea hewani, akainua nyavu zake. "Nilikuwa nangoja kuitwa," akasema. "Kwangu watoto wananisumbua mno."

Tulipopanda, mama alikuwa amekwisha kutandika mkeka ulioanikwa, ungo mapajani. Jirani akamwamkia shikamoo, akakaa upande wa pili na sindano yake. Sikumfukuza mtu. Nilisimama katikati yao wote wawili, uso unaniwaka, mtu mzima mwenye walinzi wawili, na watoto wa shule wanapita barabarani wakichungulia.

"Leo tunaishia wapi?" akauliza jirani.

Nikamwonyesha. Mama akasema, "Shuka kidogo," na nikashusha mkono.

Nilipochoka adhuhuri, miguu inataka kwenda yenyewe, nilikwenda kwa mama kunywa maji. Nikachungulia ungo wake. Mkono wake ulikuwa unayasukuma maharage upande huu, kisha upande ule, taratibu. Yalikuwa safi yote. Hayakuwa na jiwe hata moja.